Pikapu Iliyokula Ng'ombe

Nyie vijana mnaopita hapa kwangu Nyansurura na kuniuliza, "Mzee Mwita, ni kweli wewe ndiye uliyeendesha gari kwa mafuta ya chipsi?", jibu ni hapana. Sikuendesha. Mimi siendeshi kitu zaidi ya mdomo. Umri wangu wote wa kazi nimekuwa fundi wa magari ya dizeli, na magari niliyoyatengeneza yamefika Mwanza, yamefika Arusha, mengine yamevuka Sirari yakaingia Kenya na kurudi na tabia mpya. Lakini mimi mwenyewe ukinitoa nje ya kata hii tumbo linaanza kuuma. Mke wangu Wankuru husema alikubali kuolewa na fundi magari akidhani atatembezwa dunia. Dunia aliyoiona ni miguu yangu miwili ikichomoza chini ya gari la mtu mwingine.

Gereji yangu ilikuwa hapa hapa uani, kati ya zizi na jiko. Mahali hapo nilipachagua kwa utaalamu. Nikiwa nimelala chini ya gari nilisikia harufu ya chakula, nikajua saa ya kutoka bila kutazama saa.

Sasa mmeanza kupika wenyewe haya mafuta mnayoyaita bayodizeli, na mimi magoti yamegoma, ndiyo maana mmenibana niandike. Nitaandika ninavyokumbuka. Injini ndiyo inayotaka mpangilio. Mzee anataka kiti na chai.

Nianze na chupa, maana chupa ndiyo iliyonipeleka darasani mara mbili.

Aliyenifundisha dizeli ni fundi Odhiambo, Mjaluo wa upande wa ziwani, mtu mpole ambaye hakuwahi kumpiga mwanafunzi wake ila kwa maneno. Alikuwa akisema, "Mwita, injini ya dizeli ni kama mgeni. Haikuulizi chakula umekitoa wapi. Inakuuliza kama ni kisafi." Kila alipotilia shaka mafuta ya mtu, alimimina kidogo kwenye chupa ya kioo isiyo na rangi, akaifunga kamba, akaining'iniza dirishani. Kisha aliweka kiganja chake nyuma ya chupa. Ukiona mistari ya kiganja kupitia mafuta, yanaingia kwenye gari. Usipoiona, mpe mwenyewe arudi nayo nyumbani.

"Na usitazame mara moja," alisema. "Tazama kama unavyomtazama mchumba. Leo kila mtu ni mzuri."

Mimi nilicheka. Nilikuwa kijana, na nilishachumbia kwa kutazama mara moja, na mambo yalikuwa yamenyooka. Lakini chupa niliichukua, nikawa naitundika kwenye gereji yangu kwa mazoea tu, kama mtu anavyovaa kofia.

Miaka ikapita, Odhiambo akazeeka, mimi nikaanza kuitwa mzee, ndipo Bhoke akaja na dumu.

Bhoke ni binti wa marehemu dada yangu, kwa hiyo mimi ni mjomba wake. Alikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya watalii huko karibu na geti la Ikoma. Siku hiyo alishuka kwenye bodaboda, dumu mapajani, nguo zake zikinuka vitunguu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

"Mafuta tuliyokaangia chipsi za wageni. Yameshachoka, huwa tunayamwaga shimoni. Nimesikia yanaweza kuendesha gari."

"Umesikia wapi?"

"Kuna mgeni alisema kwao wanafanya hivyo."

"Kwao wanakula na konokono. Na hilo tufanye?"

"Si wewe unayesema injini ni mgeni, haiulizi chakula kimetoka wapi? Basi mpe chipsi."

Mtoto uliyemlea kwa maneno yako, siku moja anakurudishia yote, na riba juu.

Lakini hakuwa amekuja kwa utani. Bhoke alikuwa na pikapu ya dizeli aliyoinunua kwa mshahara wake wa jikoni. Aliitaka ibebe nyanya na maziwa ya watu wa huku kupeleka mjini. Ilibeba kweli, ila dizeli ilipopanda bei pikapu ikawa inakunywa kila ilichokipata, na mwisho akaiegesha juu ya mawe kwenye boma la marehemu baba yake. Bosi wa boma hilo sasa ni baba yake mdogo, Mzee Chacha. Na Mzee Chacha, mkimwona leo akiwa ameegemea fimbo yake mtadhani ni mtu wa kucheka cheka, lakini kwenye mambo ya ng'ombe ni mkali kuliko mbwa wa bucha.

Kaka mdogo wa Bhoke, huyu Marwa mnayemjua, alikuwa anataka kuoa. Binti anatoka milimani Tarime. Mahari inataka ng'ombe. Mzee Chacha akaitazama pikapu juu ya mawe, akatoa hukumu:

"Huyu ni ng'ombe tasa. Anakula, hazai, hakamuliwi. Auzwe, tununue ng'ombe wa kweli, Marwa aoe."

Bhoke akasema ni yake. Mzee Chacha akasema kilichomo ndani ya boma ni cha boma. Mimi nilikuwepo, nimekaa pembeni, na msinitazame hivyo. Mjomba hana kura kwenye boma la shemeji zake. Mjomba ana spana tu.

Bhoke akanigeukia akasema mbele yao wote, "Mjomba wangu atalitembeza bila dizeli ya kituo."

Hakuwa ameniuliza. Mzee Chacha akanitazama kuanzia kandambili mpaka kichwani.

"Huyu ambaye hajawahi kulala nje ya nyumba yake?"

"Huyo huyo."

"Basi sikilizeni. Tunakwenda ukweni kwa Marwa kuposa. Litupeleke na liturudishe bila kuingia kituo cha mafuta, nami sitalitaja tena. Likilala njiani linauzwa hapo hapo lilipolala. Na Mwita aende nalo, akaone dunia."

Mnaona nilivyopatikana.

Mara ya kwanza nilipopika mafuta yale nilipata sabuni. Si mfano, sabuni kweli. Kazi yenyewe mnaijua: unayachuja mafuta, unayatia dawa, yanajitenga, juu mafuta mepesi ya gari, chini kitu kizito cheusi. Dawa ni kostiki soda iliyoyeyushwa kwenye methanoli. Sasa mimi sikuyakausha mafuta. Chipsi zina maji, vijana, na maji yakibaki kwenye mafuta halafu ukatia kostiki, mambo yote yanageuka uji wa sabuni. Nilikaa nikilitazama pipa zima la uji. Wankuru akaja akachovya kidole, akasugua, akaenda, akarudi na beseni la nguo.

"Mume wangu," akasema, "mwaka huu umefanya jambo la maana."

Alifua akamaliza, akawapa na majirani. Mpaka leo kuna mama hapa kijijini akikutana nami ananiuliza ile sabuni ya gari nitatoa lini tena.

Tangu siku hiyo nikawa nayachemsha mafuta kwanza mpaka yanyamaze. Mafuta yenye maji yanapiga kelele yakipata moto, pa pa pa, kama shangazi kwenye kikao. Yakinyamaza, maji yamekwisha. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu ndipo utie dawa, na moto uwe umezimwa na uko mbali. Methanoli inashika moto ambao mchana huuoni, na mvuke wake si wa kuvuta, kwa hiyo fanya nje, upepo ukiwa mgongoni kwako. Vaa glavu na miwani, maana kostiki haijui wewe ni mtoto wa nani. Na hapa sitanii hata kidogo: ile methanoli ifungie kwa kufuli. Inanuka kama pombe na haina rangi, na huku kwetu wapo watu ambao kitu kikinuka kama pombe hawaulizi swali la pili. Hiyo si gongo. Inapofusha, inaua. Mimi ufunguo niliuvaa shingoni, Wankuru akawa ananiita padri.

Baada ya hapo unayasuuza mafuta kwa maji, taratibu, kama unavyomwogesha mtoto mchanga. Ukitikisa kwa nguvu unarudi kwenye sabuni. Kisha unayakausha tena. Mkiona kazi ni nyingi, kumbukeni Bhoke alikuwa anakwenda zamu Ikoma, anarudi na madumu, anachuja kwa kitambaa kama anachuja chai ya wakwe, na asubuhi anaondoka tena. Mimi nililalamika magoti. Yeye hakulalamika kitu.

Pikapu ikashushwa kwenye mawe. Tukaitia mafuta. Ikawaka mara ya kwanza, nikajisikia mtu mkubwa, nikaenda kula. Sikumaliza kula. Ilizimika pale njiani kuelekea Issenye, Bhoke akarudi kwa miguu, uso umefura.

"Mjomba, umeliua."

Sikuwa nimeliua, nilikuwa nimeliosha. Haya mafuta yana tabia moja ambayo dizeli haina: yanasafisha. Tanki la gari kuukuu lina uchafu wa miaka umeganda kwenye kuta, na dizeli imezoeana nao. Mafuta haya mageni yakiingia yanaanza kufagia, na takataka zote zinakwenda kwenye chujio. Ukianza na gari la mtu, mwambie mapema kwamba chujio la kwanza litaziba, na la pili pengine, na uwe nalo mkononi, la sivyo atasema umemharibia. Angalieni na mipira ya kupitishia mafuta. Ile mipira ya zamani inavimba na kulainika kama maandazi kwenye chai. Ibadilisheni kabla haijawabadilisha nyie.

Baada ya chujio jipya, pikapu ikaenda. Na harufu yake, jamani. Moshi wake ulinuka kibanda cha chipsi. Bhoke akipita Issenye wanafunzi walikuwa wanasimama barabarani na kuvuta pua, na vijana wa bodaboda wanamfuata wakipiga kelele, "Dada, tuwekee na mayai!" Yeye anatoa mkono dirishani, "Kaeni kwenye foleni!"

Nikadhani nimeshinda. Ndipo Mzee Chacha akaja kukagua.

Alizunguka pipa, akanusa, akauliza, "Haya ni mafuta ya nini?"

"Alizeti, shemeji."

"Alizeti." Alilitamka kama mtu aliyekuta unywele kwenye ugali. "Chakula cha ndege. Yaani mimi nifike ukweni, waulize gari la kina Chacha linakula nini, nijibu linakula chakula cha kasuku?"

"Hawatauliza."

"Watauliza. Wakwe wanauliza kila kitu."

Akaenda. Akarudi na ndoo za mafuta ya ng'ombe aliyoyakusanya buchani na kwa watu waliochinja, ameyayeyusha mwenyewe nyumbani kwake. Mzee yule ambaye gari alikuwa anataka liuzwe, alikuwa amekesha analipikia. Wengine wanapendaga kwa namna hiyo.

"Gari linalobeba wazee wa Kikurya," akasema, "litiwe kitu chenye heshima."

Kwa ufundi hakukuwa na kosa. Mafuta ya ng'ombe yanatoa bayodizeli nzuri, na ile ilitoka safi, rangi ya chai ya rangi. Nikaitia kwenye chupa ya Odhiambo, nikaining'iniza, nikaitazama leo, kesho, keshokutwa, nikaona mistari yote ya kiganja changu mpaka ule wa maisha marefu. Tukajaza tanki. Kosa lilikuwa dirisha. Chupa niliitundika kwenye dirisha la jikoni, maana ndiko ninakoshinda, na jiko la Wankuru halizimwi. Mtu ambaye hajawahi kwenda popote anadhani dunia nzima ina joto la jiko la mke wake.

Siku ya safari nilibeba koti, dawa ya tumbo, na ile chupa mfukoni. Bhoke alikaa kwenye usukani. Mzee Chacha akakaa dirishani na fimbo yake, mimi katikati kama mtuhumiwa. Nyuma walipanda Marwa na wazee wengine wa ukoo. Tukavuka Mto Mara, tukaanza kupanda. Nilikuwa nimeshika dashibodi kwa mikono miwili.

"Mjomba, pumua," Bhoke akasema. "Gari linapumua, wewe hupumui."

Mzee Chacha alikuwa ameelekeza sikio moja kwenye boneti. Tulipomaliza kilima kirefu akasema, akijisemea mwenyewe, "Linavuta kama dume."

Bhoke akanikanyaga mguu. Nadhani alidhani ni klachi.

Ukweni tulipokelewa vizuri sana. Ni huko juu, migomba na kahawa, na baridi ambayo mimi sikujua kwamba Mungu ameiruhusu ndani ya Mkoa wa Mara. Ulikuwa mwezi wa saba. Maneno ya posa yalikwenda vizuri, nyama ikaliwa, tukalala. Yaani wenzangu walilala.

Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa uani kama mgeni mwingine. Tukanywa uji, tukaaga. Sasa hapa nyie wa siku hizi mnaoaga na kukaa tena saa nzima mnielewe. Kwetu, mtu aliyekwenda kuposa akishaaga harudi kukaa. Ukirudi kukaa ni kama umesahau jambo, na jambo pekee ambalo wakwe watadhani umesahau ni ng'ombe.

Tumeaga basi. Wazee wamepanda nyuma. Baba wa binti, mzee mrefu mwenye koti la sufu, amesimama na watu wake kutusindikiza kwa macho. Bhoke akapiga stata. Injini ikaguna, ikakohoa, ikanyamaza. Akapiga tena. Ikanyamaza bila hata kuguna.

"Kuna tatizo, wakwe?" baba wa binti akauliza.

"Hakuna," Mzee Chacha akajibu bila kugeuka. "Linasali kwanza."

Kisha akaninong'oneza, "Mwita, limelala."

Bhoke aliweka mikono yote miwili juu ya usukani, akaitazama. Mimi nilimwona akihesabu ndani ya moyo wake, si pesa, bali yale madumu yote aliyobeba kutoka Ikoma. Likilala linauzwa pale pale lilipolala. Ndivyo ilivyosemwa, na sote tulikuwepo.

Nikashuka. Nikafungua boneti. Betri nzima, stata nzima. Nikabonyeza pampu ya mkono, ikakataa kwenda, hakuna kinachopita. Nikakumbuka chupa. Niliitoa mfukoni mwa koti nililokuwa nimelitundika mlangoni usiku kucha. Nikaweka kiganja nyuma. Sikuona mistari; hata kiganja sikukiona. Chupa ilikuwa nyeupe pee, kama maziwa yaliyogoma kumwagika.

Wakati huohuo mama mwenye nyumba alikuwa anavuka ua na sufuria ya mchuzi wa jana. Juu ya mchuzi mafuta ya nyama yalikuwa yameganda, meupe, magumu, kijiko kimesimama katikati. Nikatazama sufuria. Nikatazama chupa. Nikaanza kucheka, na Mzee Chacha akadhani akili imenitoka kwa kulala nje ya nyumba.

"Mama," nikamwita, "mchuzi huo utaufanyaje?"

"Nitaupasha."

"Kwa nini?"

Alinitazama kwa huruma. "Kwa moto, baba. Kwenu mnapasha kwa nini?"

Mzee mmoja wa kwetu aliposikia neno moto akaruka chini kutafuta kuni, tuwashe chini ya tanki. Nilimzuia kwa mwili wangu wote. Vijana, nawaomba: msiwashe moto chini ya tanki la mafuta, hata kama mzee mwenye mvi ndiye aliyewaagiza. Maji ya moto na magunia, basi. Nikaomba maji, na nyumba nzima ikaamka. Wanawake wakaleta masufuria, wakaleta magunia ya kahawa. Na Bhoke akajifunga kitenge vizuri, mbele ya wakwe wote, akaingia chini ya gari kwenye matope.

Nikachukua sufuria nimwage.

"Usimwage yote," sauti yake ikatoka chini. "Mafuta yaliyoganda huamshwa taratibu. Lete gunia, lowesha, nipe. Chujio kwanza, halafu mpira, tanki mwishoni. Ukianza na tanki yatafika kwenye chujio yakute mlango umefungwa."

Nilikuwa fundi tangu kabla hajazaliwa, na nikalowesha gunia kama nilivyoambiwa. Mpishi alijua mafuta kuliko mimi, na mimi nilijua pampu kuliko yeye, basi tukafanya kazi, yeye chini, mimi juu, tukiitana. Gunia linapoa, linabadilishwa. Chupa niliichovya kwenye beseni la maji ya moto, ikaanza kufunguka kidogo kidogo kuanzia pembeni, mpaka nikaona kidole, kisha kiganja.

"Bonyeza sasa," Bhoke akasema.

Nikabonyeza pampu. Ngumu. Ngumu. Kisha ikalegea, nikafungua nati ya kutolea hewa, mafuta yakaja na povu, tukayaacha yatoke mpaka povu likaisha. Nikafunga nati. Bhoke alitoka chini, matope mpaka kwenye nyusi, akapanda, akapiga stata.

Ikaguna. Ikakohoa. Ikatoa wingu jeupe lililofunika ua mzima, na ndani ya wingu lile kulikuwa na harufu ya nyama choma. Si chipsi tena. Nyama, ile ya mbavu. Mbwa wa kijiji kizima walikuja. Na injini ikashika, ikaunguruma, ikatulia.

Baba wa binti alikuwa anavuta pua.

"Chacha," akasema, "hebu niambie. Gari lenu linakula nini?"

Mzee Chacha alikuwa amelingoja swali hilo tangu siku ile ya alizeti. Akajinyoosha, akaegemeza fimbo begani.

"Ng'ombe."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe wa kwetu. Nimemyeyusha mwenyewe."

Mzee yule akalizunguka gari, akapapasa tairi, akarudi. Alikuwa na uso wa mtu anayeficha kicheko.

"Basi kama limekula ng'ombe ni ng'ombe. Liacheni hapa tulihesabu kwenye mahari."

Watu wote wakacheka. Mimi sikucheka. Bhoke hakucheka. Na Mzee Chacha hakucheka. Ulikuwa utani wa wakwe, ndiyo, lakini utani wa wakwe una mlango nyuma yake. Mzee Chacha akisema ndiyo, kazi yake yote imekwisha pale pale: pikapu imegeuka ng'ombe bila hata kutafuta mnunuzi, Marwa ameoa, na ndicho alichokitaka tangu mwanzo. Injini ilikuwa inanguruma. Nilishika spana kwa nguvu, sijui nilitaka kumpiga nani.

Mzee Chacha akaitazama pikapu. Akamtazama Bhoke kwenye dirisha, na matope yale.

"Huyo ng'ombe ana mwenyewe," akasema.

"Nani?"

"Huyo hapo. Binti wa marehemu kaka yangu. Muulize yeye."

Baba wa binti akamgeukia Bhoke, sasa anacheka waziwazi. "Mama, unamtoa?"

Bhoke akajifuta uso kwa kiwiko, akazidi kuupaka matope.

"Simtoi, baba. Bado namkamua."

Pale hata mama wa mchuzi aliweka sufuria chini ili acheke vizuri. Neno lililosemwa ukweni halirudi, nyie mnajua. Mzee Chacha alikuwa amelitoa mbele ya wazee wa pande mbili, na hakuna boma litakalolifuta. Marwa alitafutiwa ng'ombe zizini, wa miguu minne, kama watu wengine wote, na akaoa.

Tuliporudi, kwenye kituo cha kwanza cha mafuta, Mzee Chacha alimwambia Bhoke apunguze mwendo. Mimi nikashika tena dashibodi. Akashusha kioo, akawapungia wahudumu mkono, kisha akasema, "Twende."

Siku hizi mkipika, mafuta ya ng'ombe wekeni kidogo, na wakati wa jua. Baridi ikianza rudini kwenye alizeti, na mkipandisha milimani changanyeni na dizeli ya kituo, hakuna aibu. Na chupa itundikeni nje, mahali pa baridi kuliko pote kwenye boma. Yangu iko nyuma ya choo. Kila asubuhi kabla ya chai naenda kuitazama, ndiyo safari yangu.

Bhoke aliacha kazi ya hotelini. Madumu ya Ikoma sasa anayafuata kwa pikapu yake, anabeba nyanya na maziwa, na gereji ni ya kwake. Mimi nina kiti tu. Kwenye kioo cha mbele inaning'inia kengele ya ng'ombe, ile ya chuma. Ilifungwa na Mzee Chacha kwa mkono wake, wiki ile ile tuliyorudi. Alisema ng'ombe asiye na kengele hupotea.

Kwa hiyo mimi husikia kengele kabla sijaona gari. Wankuru ananiambia, "Ng'ombe wenu anapita." Pikapu inasimama getini, Bhoke anachungulia.

"Shikamoo, mjomba. Napandisha Tarime leo. Nafasi ipo, twende."

"Marahaba," namjibu. "Ningekuja, ila nina chupa ya kutazama."